Shahada ya Ugenini na Deni la Nyumbani

Katika mazungumzo yetu ya kuzitazama nchi jirani, mara nyingi tumezungumza habari za mipaka, biashara, mikutano ya wakuu wa nchi na shughuli za ulinzi. Leo napenda tuzungumze habari za mtu ambaye hatajwi sana katika taarifa za habari. Mtu huyo ni mwanafunzi aliyekwisha kupata shahada yake ya kwanza, akafunga sanduku lake, akaagana na wazazi, akavuka bahari kwenda kutafuta shahada ya pili au ya udaktari katika nchi ya watu.

Najua kwamba wengi wanaonisikiliza saa hii ni askari wa Jeshi la Wananchi na wa Jeshi la Polisi. Mko makambini, mko vituoni, na wengine mko lindoni kando ya mto Ruvuma. Huenda baadhi yenu mkauliza: habari za wasomi wa ng'ambo zinatuhusu nini sisi? Zinawahusu kwa njia tatu. Kwanza, nyinyi ni wazazi, na wapo miongoni mwenu ambao watoto wao wameomba nafasi hizo au wataziomba. Pili, wenzenu wa jeshini na polisi hutumwa nje kusoma, na wakati wote wawapo huko zamu zao hushikwa na nyinyi mliobaki. Tatu, mwanafunzi mgeni anapoingia katika nchi yoyote, mtu wa kwanza kukutana naye huwa ni mtu aliyevaa sare. Katika njia hii ya tatu kuna jambo zito, nami nitalirudia mwishoni.

Mfano mkubwa nitakaoutumia ni wa jirani yetu wa kusini, Msumbiji, kwa sababu sehemu kubwa ya mkasa wenyewe ilitokea hapa hapa Dar es Salaam.

Ndugu wasikilizaji, Eduardo Mondlane alizaliwa tarehe 20 Juni, 1920, katika sehemu za Gaza, kusini mwa Msumbiji. Utotoni alichunga mifugo kama watoto wengine wa kijijini kwao. Alipokuwa kijana na kutaka kuendelea na masomo, nchi yake haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Wareno, waliokuwa wakijisifu kwamba wamekaa Msumbiji kwa karne nyingi, walifungua chuo cha kwanza cha masomo ya juu mjini Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo, mwaka 1962; na hata hapo waliojaa madarasani walikuwa watoto wa walowezi. Kwa hiyo kwa kijana wa Msumbiji wa zama zile, kusoma kulimaanisha kuhama. Hakuwa na uchaguzi mwingine.

Mondlane alianzia Afrika Kusini. Alisoma huko sekondari, kisha akapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mjini Johannesburg. Mwaka 1948 Makaburu wa chama cha National wakashika serikali, na mwaka uliofuata serikali hiyo ikakataa kumwongezea kibali cha kukaa nchini. Akarudishwa kwao kabla ya kumaliza masomo. Mwaka 1950 akaenda Lisbon, makao makuu ya watawala wake, na huko akaishi chini ya macho ya polisi wa siri. Mwaka 1951 akavuka bahari ya Atlantiki kwenda katika Chuo cha Oberlin, katika jimbo la Ohio, nchini Marekani, ambako alipata shahada ya kwanza mwaka 1953. Wakati huo alikuwa mtu mzima aliyepita umri wa miaka thelathini, akikaa darasa moja na vijana ambao angeweza kuwaita wadogo zake.

Hakuishia hapo. Akaingia Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na mji wa Chicago, akasoma elimu ya jamii mpaka shahada ya udaktari, ambayo aliitunukiwa mwaka 1960. Mwaka 1957 alikwisha anza kazi katika Umoja wa Mataifa, katika idara iliyoshughulikia nchi zilizokuwa chini ya udhamini, na baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York. Kwa maneno mengine, Mondlane alipata kila kitu ambacho mwanafunzi wa ng'ambo hukiota usiku: shahada kubwa, kazi ya heshima, mshahara wa dola, nyumba na familia.

Tarehe 25 Juni, 1962, chama cha FRELIMO kiliundwa hapa Dar es Salaam, na Mondlane akachaguliwa kuwa Rais wake. Mwaka 1963 aliiacha kazi ya chuo kikuu, akahamia Dar es Salaam. Tarehe 25 Septemba, 1964, vita ya ukombozi wa Msumbiji ikaanza. Tarehe 3 Februari, 1969, Mondlane aliuawa mjini hapa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kwa posta. Msumbiji huiadhimisha tarehe hiyo kila mwaka kuwa Siku ya Mashujaa.

Kabla sijaendelea, ni vizuri tuelewe huyo mwanafunzi wa shahada za juu hufanya kazi gani, maana wako wanaodhani kwamba anakwenda kukaa darasani na kukariri, kama alivyofanya alipokuwa sekondari. Mimi mwenyewe niliishia sekondari, na nilikuwa na dhana hiyo mpaka nilipoanza kuwahoji wasomi kwa ajili ya kazi hii ya utangazaji.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hujifunza yale yanayojulikana. Mwanafunzi wa udaktari hutakiwa atafute lile lisilojulikana bado. Hupewa msimamizi, yaani profesa mmoja au zaidi, naye huchagua swali ambalo halijapata jibu, akalifanyia utafiti, akaandika tasnifu, kisha akaitetea mbele ya jopo la wakaguzi ambao kazi yao ni kumtafutia makosa. Kazi hiyo yaweza kuchukua miaka minne, sita, au zaidi. Katika vyuo vya Marekani wengi hujilipia kwa jasho: huwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, husahihisha mitihani yao, au hufanya kazi katika maabara ya profesa, na chuo huwasamehe karo na kuwapa posho ya kujikimu. Posho hiyo humtosha mtu mmoja aishiye kwa hesabu. Haimtoshi mtu ambaye kila mwezi anaandikiwa kutoka nyumbani kwamba bati la nyumba limetoboka na mdogo wake amefukuzwa shule kwa ajili ya ada.

Juu ya hayo kuna sheria. Viza ya mwanafunzi nchini Marekani humtaka asome kwa muda wote. Akipunguza masomo bila ruhusa, haki yake ya kukaa nchini hupotea. Wala hawezi kufanya kazi apendavyo. Kazi za ndani ya chuo ameruhusiwa, lakini muhula unapoendelea zisizidi saa 20 kwa wiki. Kwa hiyo mtu huyu, ambaye kwao ni fahari ya ukoo mzima, huko aliko yu mtu anayeishi kwa kibali. Akigombana na msimamizi wake, hagombani na mwalimu tu. Huenda anagombana na riziki yake, na kibali chake, na safari yake yote.

Tena kuna upweke. Kuna baridi inayoingia mwezi wa kumi na moja na isiyotoka mpaka mwezi wa nne. Kuna misiba ya nyumbani inayosikika wakati maiti imekwisha zikwa. Na kuna miaka, ndugu wasikilizaji, miaka inayopita polepole bila mtu kujua. Ameondoka kwao akiwa hana mke. Siku atakayorudi ana watoto wawili wasiojua lugha ya bibi yao. Hapo ndipo swali la kurudi linapokuwa gumu. Tusidhani kwamba kila asiyerudi ni mtu mwovu aliyeisaliti nchi yake. Wengi wao walikusudia kurudi mwakani, na mwakani ikawa mwakani nyingine.

Sasa turudi kwa ndugu zetu wa Msumbiji.

FRELIMO ilipoanza, viongozi wake walijua kwamba taifa haliwezi kujengwa na watu wasiojua kusoma. Hapa Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1963 Taasisi ya Msumbiji, ambayo ilikuwa shule ya vijana waliokimbia utawala wa Kireno, ikiongozwa na Janet, mke wa Mondlane. Vijana wengine walipelekwa kusoma Marekani, Ulaya Magharibi na nchi za Kisoshalisti. Makubaliano yalikuwa wazi: nenda ukasome, kisha rudi uitumikie vita ya ukombozi, kwa bunduki, kwa kalamu, kwa sindano ya hospitali, au kwa kazi yoyote utakayopangiwa.

Lakini kufikia miaka ya 1967 na 1968 ulikwisha zuka mgogoro mkubwa. Baadhi ya wanafunzi walioko ng'ambo walimaliza shahada ya kwanza wakataka ya pili. Waliomaliza ya pili wakataka ya udaktari. Walipoitwa, hawakuja. Mondlane akatoa waraka wa kuwakosoa, nao wanafunzi kupitia umoja wao wakamjibu kwa waraka mkali. Hapa Dar es Salaam nako vijana wa Taasisi ya Msumbiji wakawa na malalamiko yao, na mojawapo lilikuwa hilo hilo la nani ataendelea na masomo na nani atakwenda kwenye mafunzo ya kijeshi. Mwezi Machi, 1968, zikatokea ghasia shuleni hapo, na shule ikafungwa.

Ni desturi ya siku nyingi katika mazungumzo kama haya kumsema mmoja kuwa mkosaji na kufunga kitabu. Mimi nataka tuzisikilize pande zote mbili, maana hoja zao zingali hai hata leo.

Wanafunzi walisema hivi: vita itakwisha. Siku itakapokwisha nchi itahitaji madaktari, wahandisi, wanasheria na wachumi. Wareno hawakutuachia hata mmoja. Mkitutoa vyuoni leo na kututia handakini, kesho mtampa nani hospitali aiendeshe? Na wengine waliongeza kwa uchungu: mbona Rais wetu mwenyewe aliachiwa akasoma mpaka udaktari?

Viongozi walisema hivi: ni kweli nchi itahitaji wasomi. Lakini vita haiwezi kupiganwa na watoto wa wakulima peke yao, huku watoto wengine wakingoja kuja kutawala baada ya ushindi. Katika Cabo Delgado na Niassa, mama mwenye mtoto mgongoni ndiye anayebeba kichwani sanduku la risasi kutoka mpakani. Mkulima anayeishi chini ya mabomu ya ndege ndiye anayewapa wapiganaji mihogo yake. Huyo naye ana haki ya kuuliza, msomi wetu yuko wapi? Na kuhusu shahada ya Mondlane jibu lilikuwa rahisi: aliipata, akaiacha kazi ya Syracuse, akaja.

Ndugu wasikilizaji, sisi Watanzania hatuwezi kuwacheka jirani zetu kwa mgogoro huo, kwa sababu wa kwetu ulitangulia. Tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingine waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao wanafunzi wapatao mia nne. Siku hiyo hiyo alitangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kwa sababu wanafunzi walikuwa wamesema kwamba wakubwa wanalipwa vinono huku wakiwahimiza wengine kujitolea. Na katika hilo aliona wana hoja. Mwalimu huyo huyo aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akikila chakula hicho na asirudi, jina lake si zuri.

Basi, nani alikuwa sahihi katika mgogoro wa Msumbiji? Historia ilitoa jibu lenye ncha mbili.

Uhuru ulipopatikana tarehe 25 Juni, 1975, walioushinda utawala wa Kireno walikuwa ni wale waliokubali kuingia porini. Bila wao hapangekuwa na nchi ya kuitumikia kwa shahada yoyote. Hapo viongozi walikuwa sahihi. Lakini walowezi wa Kireno walipoondoka kwa wingi, waliondoka na ujuzi wao. Zaidi ya watu 90 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Hospitali zilibaki na madaktari wachache mno, viwanda vilibaki na mitambo isiyokuwa na mafundi. Hapo wale wanafunzi waliosema kwamba kesho itahitaji wasomi, nao hawakuwa wamekosea. Kosa lilikuwa pale msomi alipojifanya kwamba kesho hiyo itakuja yenyewe, bila mtu kuipigania leo.

Serikali mpya ililijua pengo hilo. Chuo kikuu cha Maputo kilipewa jina la Eduardo Mondlane mwaka 1976. Watoto na vijana kwa maelfu walipelekwa Cuba. Mwaka 1982 watoto wapatao 900 wa Msumbiji walifika Ujerumani Mashariki, katika mji wa Staßfurt, ambako walijengewa shule iliyoitwa Shule ya Urafiki. Walikaa huko mpaka mwaka 1988, wakajifunza lugha, hesabu na ufundi. Waliporudi, nchi yao ilikuwa katikati ya vita kati ya serikali na RENAMO. Wengi wa vijana wa kiume waliingizwa jeshini moja kwa moja, na ufundi waliojifunza kwa miaka sita haukupata pa kufanyia kazi. Nawaambia askari jambo hili kwa sababu mtalielewa kuliko wengine: jeshi linahitaji askari, lakini jeshi hilo hilo linahitaji fundi wa mitambo, na fundi akipewa bunduki tu, jeshi limepata mtu mmoja na limempoteza mtu mmoja.

Hapa ndipo tunapoliona deni kwa upande wake wa pili. Tumezoea kusema kwamba msomi anadaiwa na nchi yake. Ni kweli, na dawa ya deni ni kulipa. Lakini nchi nayo inadaiwa na msomi wake: inadaiwa kumpokea.

Tuchukue mfano wa Kenya. Mwezi Septemba, 1959, ndege ya kwanza iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 wakienda vyuo vya Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa huko. Safari ziliendelea mpaka mwaka 1963, zikiwachukua vijana wa Kenya na wa nchi nyingine za Afrika Mashariki. Mwaka 1960 alikwenda katika mpango huo msichana aliyeitwa Wangari Muta, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Wangari Maathai. Alipata shahada ya kwanza katika jimbo la Kansas, na shahada ya pili ya elimu ya viumbe katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1966. Alikuwa amepata barua ya kumwahidi kazi ya utafiti chuoni Nairobi. Alirudi. Alipokwenda kuripoti kazini, akaambiwa nafasi imekwisha pewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliamini amenyimwa kwa sababu ni mwanamke na kwa sababu ya kabila lake.

Angeweza kupanda ndege tena na asirudi kamwe, na nani angemlaumu? Alibaki. Alipata kazi nyingine, akaenda Ujerumani kwa utafiti, akarudi tena, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari Nairobi, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufikia daraja hilo. Mwaka 1977 akaanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani ya kupanda miti, na mwaka 2004 akatunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani. Lakini tujiulize: ni wangapi waliokuta mlango umefungwa kama yeye, wakageuka kimya kimya, nasi leo tunawaita watoro?

Mfano wa mwisho ni wa mtu aliyekuwa askari, yaani John Garang wa Sudan ya Kusini, nchi ambayo tangu mwaka 2016 ni mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Garang alisoma sekondari hapa Tanzania akiwa mkimbizi, kisha akapata shahada ya kwanza ya uchumi katika Chuo cha Grinnell, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1969. Alikuwa na nafasi ya kuendelea na shahada za juu katika chuo kikuu maarufu cha Berkeley, California. Hakwenda. Alichagua kuja kufanya utafiti wa uchumi wa kilimo katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, karibu na mambo aliyotaka kuyajua. Baada ya mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972 aliingia katika jeshi la Sudan, na akiwa ofisa wa jeshi hilo alirudi Iowa kusoma zaidi, akapata shahada ya udaktari mwaka 1981.

Tasnifu yake ilihusu nini? Ilihusu maendeleo ya watu wa eneo la Jonglei, huko huko kwao, ambako serikali ilikuwa inachimba mfereji wa kilometa 360 wa kuyapitisha maji ya mto Nile kando ya mabwawa. Uchimbaji ulianza mwaka 1978 na ukasimama mwaka 1984, karibu theluthi mbili ya mfereji ikiwa imekwisha chimbwa, baada ya vita kurudi katika nchi hiyo. Garang alikuwa kiongozi wa upande mmoja wa vita hiyo. Mambo ya vita yenyewe yana mazungumzo yake, nami siyaingii leo. Ninachotaka tukione ni hiki: katikati ya mashamba ya mahindi ya Marekani, maili elfu nyingi kutoka Bor, ofisa huyu alikaa maktabani akiuliza swali la nyumbani kwao. Huo ni mtihani mzuri wa kumpimia mwanafunzi yeyote wa ng'ambo. Usimuulize tu atarudi lini. Muulize, swali unalolitafutia jibu ni la nani?

Kwa hiyo, ndugu askari, ikiwa mwanao amepata nafasi ya kusoma nje, mpe baraka zako, lakini mpe na maneno ya wazi. Mwambie ni nani waliomsomesha tangu darasa la kwanza. Usimwandikie kila mwezi kumdai fedha kana kwamba ulimtuma kuchuma. Mwandikie habari za nyumbani, zile ndogo ndogo, ili nyumbani pasifutike machoni pake. Ikiwa ni mwenzenu wa kikosini aliyetumwa kusoma, jueni kwamba kila lindo mnalomshikia ni sehemu ya karo yake. Naye akirudi, asikilizwe. Hakuna hasara kubwa kuliko kumsomesha ofisa miaka mitatu, kisha kumpa meza ambayo elimu yake haina kazi hapo, eti asije akajiona.

Na sasa nalirudia lile jambo la tatu nililoahidi.

Vyuo vyetu hupokea wanafunzi kutoka nchi jirani. Chuo cha Maofisa cha Monduli kimepokea maofisa wanafunzi kutoka majeshi ya jirani zetu, na chuo kikuu cha Dar es Salaam kimewalea watu waliokuja kuongoza nchi. Wanafunzi hao hupita katika vituo vya mpakani, hupita katika bandari na viwanja vya ndege, na wakipatwa na shida mjini huja katika vituo vya polisi. Baadhi yao Kiswahili hawakijui vizuri. Baadhi vibali vyao vimechelewa kwa sababu ambazo si zao.

Mwaka 1949, mjini Johannesburg, ofisa mmoja ambaye jina lake halikumbukwi alikipitia kibali cha kijana wa miaka 29 kutoka Msumbiji, na jibu likawa hapana. Kwa kadiri ya sheria za Makaburu alifanya kazi yake. Hakujua kwamba mbele yake yumo mtu ambaye miaka 13 baadaye angekiongoza chama cha ukombozi, na ambaye jina lake lingeandikwa juu ya lango la chuo kikuu cha nchi yake. Mwaka 1963 mtu huyo huyo alihamia Dar es Salaam, na hapa alifunguliwa mlango.

Sheria za uhamiaji zipo, na hapana budi zifuatwe. Mtu asiyekuwa na haki ya kuingia asiingie. Lakini sheria yaweza kutekelezwa kwa ukali wa kumdhalilisha mtu, na yaweza kutekelezwa kwa heshima. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanafunzi mgeni uliyemwelekeza vizuri leo, akaketi kwenye benchi la kituo chako akanywa maji huku karatasi zake zikishughulikiwa, huyo atalikumbuka jambo hilo siku atakapokuwa waziri, jenerali au daktari katika nchi inayopakana na yetu. Na mipaka yetu, ndugu zangu mnaoilinda, mwajua wenyewe kwamba hulindwa kwa bunduki, na hulindwa pia na kumbukumbu njema walizonazo jirani zetu juu yetu.

Nawatakia zamu njema.